Udogo wa Jeraha na Uzito wa Upasuaji: Kueleza Upasuaji wa Kifua kwa Kamera kwa Kiswahili, kwa Kuzingatia Wagonjwa wa Malakia, Juba

Ikisiri

Upasuaji wa kifua unaopitia matundu machache na kuongozwa na kamera umekuwa njia ya kawaida ya kutibu baadhi ya magonjwa ya mapafu. Makala haya yanaeleza upasuaji huo kwa wasomaji wasio madaktari, yanaonesha ni magonjwa gani ya ukanda wetu unayoyafaa na yapi usiyoyafaa, na yanachunguza majina tunayoupa kwa Kiswahili. Hoja yake ni kwamba udogo unaotajwa katika majina hayo ni wa jeraha la ukuta wa kifua tu. Majina yanayouhamishia udogo huo kwenye upasuaji wenyewe yanampotosha mgonjwa anayeombwa ridhaa, na pia mshauri wa sera anayeombwa fedha. Mfano unaotumika ni mgonjwa wa Malakia, Juba, anayesafiri kutafuta tiba akiwa na Kiarabu cha Juba kinywani na Kiswahili kama lugha ya daraja.

1.0 Utangulizi

Katika Kiswahili, "kifua" ni sehemu ya mwili na pia ni ugonjwa. Mama akisema mtoto wake ana kifua, hakuna anayefikiria mbavu; kila mtu anasikia kikohozi. Tukiongeza kivumishi tunapata "kifua kikuu", jina lililozoeleka kiasi kwamba hatusikii tena kuwa ndani yake mna kipimo cha ukubwa. Lugha yetu imezoea kupima uzito wa maradhi kwa ukubwa na udogo. Basi inapokuja tiba ambayo sifa yake ya kwanza ni udogo wa jeraha, msikilizaji ana sababu nzuri ya kudhani anaambiwa kwamba ugonjwa wake ni mdogo, au hatari yake ni ndogo. Dhana hiyo si ya kweli, na madhara yake si ya kinadharia.

Malakia ni miongoni mwa mitaa mikongwe ya Juba, jirani na soko la Konyo Konyo. Jina lake ni la Kiarabu cha utawala, lenye maana ya makazi ya raia, kwa kutofautishwa na kambi ya jeshi. Wakazi wake wa mwanzo walikuwa kwa sehemu kubwa askari walioachishwa kazi na jamaa zao. Malakal nayo ina Malakia yake. Lugha ya nyumbani na sokoni ni Kiarabu cha Juba, krioli iliyochipuka katika kambi za jeshi na za wafanyabiashara za karne ya 19. Kiswahili kimo pia. Kimeletwa na wafanyabiashara wa Uganda na Kenya, na zaidi na Wasudani Kusini wenyewe waliokulia ukimbizini, Kakuma na kwingineko. Tangu Sudan Kusini ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, lugha hii imepata pia uzito wa kiserikali.

Mkazi wa Malakia mwenye maradhi mazito ya mapafu huanzia Hospitali ya Mafunzo ya Juba. Akiambiwa kwamba anahitaji upasuaji wa kifua wa kibingwa, na jamaa zake wakiweza kuchanga nauli, safari mara nyingi ni ya kusini: yapata kilomita 190 za lami hadi Nimule, kisha Gulu, Kampala, pengine hata Nairobi. Katika safari hiyo mgonjwa anaiacha lugha anayoijua vizuri na kuingia katika lugha anayoijua nusu. Mwisho wake kuna karatasi ya kutia sahihi.

2.0 Jinsi kifua kinavyoingiwa

Pafu halina misuli ya kulitanua. Hutanuka kwa sababu limeshikamana na ukuta wa kifua kupitia tando mbili laini, moja juu ya pafu na nyingine ndani ya mbavu, zenye majimaji kidogo sana katikati. Mbavu zikipanda na kiwambo kikishuka, pafu hufuata. Hewa ikiingia kati ya tando hizo, mshikamano huvunjika na pafu hunywea kama puto lililofunguliwa mdomo. Kwa karne nyingi hiyo ndiyo iliyowafanya wapasuaji wakiogope kifua kuliko tumbo: kukifungua kulikuwa sawa na kumnyang'anya mgonjwa pumzi.

Ufumbuzi ulikuja kutoka kwa wataalamu wa usingizi. Mwaka 1949 Eric Carlens wa Sweden alieleza mrija wa kupumulia wenye njia mbili, moja kwa kila pafu. Kwa mrija wa aina hiyo pafu moja huendelea kupokea hewa huku jingine likiachwa linywee. Kilichokuwa janga kikageuka kuwa msaada, kwa kuwa pafu lililonywea linampisha mpasuaji. Ndiyo maana upasuaji wa kifua kwa kamera kwa kawaida hauhitaji kupuliziwa gesi kama ule wa tumbo. Tumboni ukuta ni laini na lazima uinuliwe. Kifuani mbavu zimekwisha kuliezeka paa.

Katika upasuaji wa zamani, ambao bado unatumika na utaendelea kutumika, mgonjwa hulazwa ubavu, mkato mrefu hufuata mstari wa mbavu, na chombo cha chuma huzitanua mbavu mbili mpaka mkono upite. Chini ya kila ubavu kuna neva. Ikibanwa au ikichanika, maumivu yanaweza kudumu miezi, na kwa baadhi ya watu miaka. Maumivu haya si suala la starehe. Mgonjwa anayeumia havuti pumzi ndefu wala hakohoi. Asipokohoa, makohozi hujikusanya. Yakijikusanya, nimonia huja. Mtu anaweza kupona upasuaji na kuuawa na woga wa kukohoa.

Upasuaji kwa kamera huacha mbavu bila kutanuliwa. Mpasuaji hutoboa tundu moja hadi manne, kila moja likiwa na urefu wa sentimita moja hadi nne hivi. Katika tundu moja hupita fimbo yenye lenzi na taa, kwa kawaida yenye kipenyo cha milimita 5 au 10, inayopeleka picha kwenye skrini. Katika mengine hupita vyombo virefu vya kushika, kukata na kuunguza mishipa. Kuna pia stepla ya kitabibu, ambayo hupiga safu za pini ndogo na kukata katikati yake kwa tendo moja, ili mshipa au bomba la hewa lifungwe pande zote mbili kabla ya kuachana. Kipande cha pafu kikishatenganishwa, hutiwa ndani ya kifuko na kuvutwa nje kupitia tundu lililopanuliwa kidogo. Mwishoni huachwa mrija unaotoka ubavuni hadi kwenye chupa yenye maji. Maji huruhusu hewa na usaha kutoka, lakini hayaruhusu hewa kurudi.

Jambo la kuzingatia hapa ni kwamba ndani ya kifua kazi ni ileile. Sehemu ya pafu inayoondolewa kwa kamera ni ileile ambayo ingeondolewa kwa mkono, na mshipa mkuu wa pafu, wenye ukuta mwembamba na unaopitisha damu yote inayotoka upande wa kulia wa moyo, uko palepale. Ukichanika, tundu la sentimita tatu halitoshi. Kifua hufunguliwa papo hapo. Mpasuaji mwaminifu haanzi upasuaji huu bila kuwa tayari kuugeuza.

Manufaa yake hata hivyo ni ya kweli. Utafiti wa Uingereza ujulikanao kwa jina la VIOLET, uliochapishwa mwaka 2022 na kuwahusisha wagonjwa 503 wenye saratani ya mapafu au walioshukiwa kuwa nayo, uligawa wagonjwa kwa bahati nasibu kati ya njia hizi mbili. Wiki tano baadaye, waliopasuliwa kwa kamera walikuwa na uwezo mzuri zaidi wa kufanya shughuli za mwili, na ubora wa kuondoa saratani haukupungua.

3.0 Chombo kilichozaliwa na kifua kikuu

Wengi huudhani upasuaji huu kuwa tunda la teknolojia ya jana. Asili yake ni kifua kikuu. Mwishoni mwa karne ya 19 Mwitaliano Carlo Forlanini alipendekeza kwamba pafu lenye kifua kikuu linyweshwe kwa makusudi, kwa kupuliziwa hewa kati ya tando, ili lipumzike na vidonda vyake vifunge. Tatizo lilikuwa kwamba katika wagonjwa wengi pafu lilikuwa limegandamana na mbavu kwa makovu, likakataa kunywea. Mwaka 1910 Hans Christian Jacobaeus wa Stockholm alieleza jinsi ya kuchungulia ndani ya kifua kwa kutumia chombo kilichotengenezwa kwa ajili ya kutazama kibofu cha mkojo. Baadaye akatumia njia hiyo kuyakata makovu hayo kwa kuyaunguza. Kwa miongo kadhaa ikawa kazi ya kila siku katika sanatoria za Ulaya. Hizo ni zama zilezile za kuanzishwa kwa Kibong'oto, Kilimanjaro, katika miaka ya 1920, kama kituo cha wagonjwa wa kifua kikuu.

Kisha zikaja dawa. Streptomaisini iligunduliwa mwaka 1943, na isoniazidi ikaanza kutumika katika miaka ya 1950. Haja ya kulinywesha pafu ikafifia, na chombo cha Jacobaeus kikarudi kabatini. Hapa Afrika Mashariki ina sehemu yake katika historia ya dunia, sehemu ambayo vijana wetu hawafundishwi vya kutosha. Majaribio ya pamoja ya mabaraza ya utafiti wa tiba ya Afrika Mashariki na Uingereza, ambayo matokeo yake yalianza kuchapishwa mwaka 1972, yalionesha kwamba dawa za miezi sita zenye rifampisini au pirazinamidi zingeweza kuponya kifua kikuu kilichokuwa kikitibiwa kwa mwaka mmoja na nusu au zaidi. Tiba fupi inayotumika leo duniani kote inadaiwa sana na wagonjwa wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia.

Kamera ilirudi kifuani mwanzoni mwa miaka ya 1990, baada ya kamera za video kuwa ndogo na stepla kuboreshwa. Lakini ilirudi kwa ajili ya saratani za nchi tajiri, na hadi leo sehemu kubwa ya maandishi yake yanahusu saratani. Msomaji wa Juba anayeyasoma anapaswa kuyatafsiri mara mbili: mara ya kwanza kutoka lugha nyingine, mara ya pili kutoka ugonjwa mwingine.

4.0 Magonjwa yetu

Tuanze na usaha kifuani, kwa kuwa hapo ndipo kamera ina faida iliyo wazi na ndipo muda una thamani kubwa. Nimonia isiyotibiwa vyema, jeraha la kifua, au kifua kikuu huweza kujaza usaha kati ya tando. Tangu mwaka 1962 madaktari wa kifua wameugawa ugonjwa huu katika hatua tatu. Katika hatua ya kwanza ni maji mepesi. Dawa za kuua bakteria na mrija mmoja wenye chupa ya maji hutosha. Katika hatua ya pili majimaji huganda na kujigawa katika vijumba vyenye kuta za utando, mfano wa sega la nyuki, na mrija humwaga kijumba kimoja tu. Hapa ndipo mahali pa kamera: mpasuaji huingia, huvunja kuta, hukwangua utando, huliachilia pafu. Katika hatua ya tatu utando umekuwa gamba gumu linalolibana pafu lisiweze kutanuka. Gamba hilo mara nyingi hutaka kifua kifunguliwe, na kazi ya kulibambua ni ndefu na yenye damu nyingi.

Kutoka hatua ya kwanza hadi ya tatu ni suala la wiki chache. Mgonjwa wa Malakia aliyekaa nyumbani wiki mbili akinywa dawa za dukani, kisha wiki mbili akisubiri mchango wa safari, anaweza kufika Kampala akiwa amekwisha kuuvuka wakati wa kamera. Hospitali aliyoifikia inayo kamera, lakini kifua chake hakiihitaji tena. Yeye alihitaji mrija, mapema, mjini kwake.

Damu iliyovilia kifuani inafuata mantiki hiyohiyo. Juba imeona mapigano, Desemba 2013 na Julai 2016, na majeraha ya risasi na visu hayakukoma hapo. Wengi wa waliojeruhiwa kifuani hutibika kwa mrija peke yake. Baki ndogo, ambao damu yao imeganda na haitoki, hufaidika na kamera ikitumika ndani ya siku chache. Baada ya hapo damu hugeuka gamba au usaha.

Maji ya kifua kikuu katika tando ni jambo jingine, na hapa mshauri wa sera awe macho. Mengi ya maji hayo hutibiwa kwa dawa za miezi sita, si kwa upasuaji. Kamera inaweza kusaidia utambuzi, kwa kuchukua kipande cha utando pale ambapo vipimo vya maji havikutoa jibu, jambo la kawaida kwa kuwa bakteria katika maji hayo ni wachache. Lakini kumpasua kila mwenye maji ya kifua kikuu kungekuwa kutumia shoka kukatia uzi. Kwa upande mwingine, pafu lililoharibiwa kabisa na kifua kikuu cha zamani, au shimo lake lililoota donge la kuvu na kumfanya mgonjwa akohoe damu, kwa kawaida limegandamana na mbavu kiasi kwamba kamera haina pa kupita. Ajabu ya historia ni hiyo: chombo kilichobuniwa kwa ajili ya makovu ya kifua kikuu hushindwa na makovu hayo yakizidi.

Kuna pia haidatidi, ugonjwa wa mnyoo tegu wa mbwa, ambao huota vifuko vya maji katika ini na, kwa kiwango kidogo zaidi, katika mapafu. Waturkana wa Kenya na Watoposa wa upande wa Kapoeta wametajwa kwa muda mrefu kuwa miongoni mwa jamii zenye ugonjwa huu kwa wingi kupita kiasi duniani, na AMREF, iliyoanzishwa mwaka 1957, ilikuwa na kazi kubwa ya kuudhibiti Turkana. Kifuko kikipasuka ndani ya kifua, maji yake huweza kusababisha mshtuko wa mzio na kupanda mbegu mpya. Kukitoa kwa kamera kunawezekana, ila kwa mikono yenye uzoefu.

Zaidi ya hayo, kamera hutumika kwa pafu linalovuja hewa mara kwa mara, na kwa saratani iliyogunduliwa mapema. Neno "mapema" ndilo gumu, kwani wagonjwa wetu wengi wa saratani ya mapafu hutibiwa kwanza kama wenye kifua kikuu.

5.0 Majina na mitego yake

Jina la kwanza linalojitokeza katika tafsiri ni "upasuaji mdogo". Jina hili limekwisha kuchukuliwa. Katika hospitali zetu chumba cha upasuaji mdogo ni pale majipu yanapotumbuliwa na majeraha yanaposhonwa kwa ganzi, na mtu hurudi nyumbani siku hiyohiyo. Kumwambia mgonjwa kwamba kuondolewa kwa sehemu ya pafu ni upasuaji mdogo ni kumpa taarifa ya uongo, hata kama kila neno lina asili yake katika kamusi.

La pili ni "upasuaji wa tundu dogo", au wa "matundu madogo", linalopendwa na vyombo vya habari vya Tanzania. Hili ni bora, maana kivumishi kimekaa panapostahili, juu ya tundu. Tatizo ni kwamba "tundu dogo" hutumika pia kwa tiba ya moyo inayopitishwa katika mshipa wa damu wa mkono au paja, mara nyingi mgonjwa akiwa macho. Mtu aliyemwona jirani yake akitoka katika tiba hiyo baada ya siku moja atatarajia hivyohivyo.

La tatu ni "kamera". Kwa mgonjwa, kamera hupiga picha. Na anayepelekewa kamera tumboni kupitia mdomoni anafanyiwa kipimo. Mtu anaweza kuridhia "kamera ya kifua" akidhani ameridhia kuchunguzwa.

Napendekeza "upasuaji wa kifua kwa matundu na kamera". Ni refu, na najua kuna watakaotaka kulifupisha kwa herufi. Wanaotaka kufupisha wasubiri mpaka mgonjwa aelewe. Faida yake ni kwamba linaanza na "upasuaji" bila kivumishi, linataja kiungo, kisha linataja njia na chombo. Udogo, ukihitajika kutajwa, utajwe katika sentensi, ambako unaweza kuelezwa.

Mitego mingine hutokana na ujirani wa lugha. Kiarabu kinachosemwa Juba huuita upasuaji "amaliya", neno la mzizi mmoja na "amali" yetu, ambayo kwetu ni matendo au stadi za kazi. Pumzi ni "nafas". Mgonjwa anayesema nafas yake imekwisha anaweza kusikika kwa sikio la Mswahili kana kwamba anazungumzia nafasi, na muuguzi mwenye haraka akamtafutia kitanda badala ya oksijeni. Kwa upande mwingine "dawa" na "hewa" zinakaribiana vya kutosha kueleweka pande zote mbili, na mkalimani mwerevu hujenga juu ya maneno kama hayo.

Kuna hazina ambayo hospitali za Kampala na Nairobi hazijaitumia ipasavyo. Askari wa Kisudani waliochukuliwa na Lugard mwaka 1891, na wengine wa asili hiyo, ndio chimbuko la Wanubi wa Bombo na wa Kibera, na Kinubi chao ni ndugu wa damu wa Kiarabu cha Juba. Mnubi wa Kibera anakijua Kiswahili kama mwenyeji yeyote wa Nairobi, na anaweza kusikilizana na mtu wa Malakia kwa sehemu kubwa ya mazungumzo ya kawaida. Kuwafunza wasemaji wa Kinubi ukalimani wa tiba ni gharama ndogo kuliko kisanduku kimoja cha stepla za kutumia mara moja na kutupa.

6.0 Kwa mshauri wa sera

Mwaka 2015 tume ya jarida la Lancet kuhusu upasuaji duniani ilikadiria kwamba watu bilioni tano hawapati upasuaji salama, kwa wakati na kwa bei wanayoimudu, na ikapendekeza kila nchi iwe na wapasuaji, madaktari wa usingizi na wa uzazi wasiopungua 20 kwa kila watu 100,000 ifikapo mwaka 2030. Mwaka huohuo Baraza la Afya Duniani lilipitisha azimio la kuufanya upasuaji na huduma ya usingizi kuwa sehemu ya afya kwa wote. Ndani ya mazingira hayo, mnara wa kamera ni kitu cha kuvutia: unapigwa picha, una uzinduzi, una jina la mfadhili.

Lakini kamera ni pete ya mwisho katika mnyororo. Kabla yake kuna eksirei na altrasaundi zinazoonesha maji yalipo. Mirija ya kifua na watu waliofunzwa kuiweka. Oksijeni isiyokatika umeme ukikatika. Daktari wa usingizi anayeweza kulipumzisha pafu moja bila kulipoteza jingine. Damu ya kuongezewa. Maabara ya patholojia ya kusoma kipande kilichotolewa. Baada yake kuna mtaalamu wa viungo wa kumfundisha mgonjwa kukohoa. Pete moja ikikosekana, kamera hufunikwa shuka.

Kwa maoni yangu, fedha ya kwanza ya Juba iende kwenye mrija na picha, na katika kumfikisha mgonjwa ndani ya siku chache tangu homa na kichomi vianze. Wakati huohuo wapasuaji wachache wafunzwe kupitia Chuo cha Wapasuaji wa Mashariki, Kati na Kusini mwa Afrika, kilichoanzishwa mwaka 1999 na ambacho Sudan Kusini ni mwanachama, ili kamera itakapokuja ikute mikono inayojua kufungua kifua. Anayejua kamera tu ni hatari pale damu inapofumka.

7.0 Matini ya ridhaa

Matini ifuatayo inapendekezwa isomwe kwa mgonjwa mwenye usaha wa hatua ya pili. Heshima ya mwanzo, Mzee, Mama, au nyingine, aijaze msomaji kulingana na aliye mbele yake.

"Ugonjwa wako umo ndani ya kifua, kati ya pafu na mbavu. Huko kuna usaha mzito ambao mrija peke yake haukuweza kuutoa. Tutakupa dawa ya usingizi. Utalala kabisa na hutasikia maumivu. Ukiwa umelala, pafu moja litapumzishwa na utapumua kwa pafu la pili. Tutatoboa ubavu wako matundu mawili au matatu, kila moja likiwa na upana wa kidole kimoja au viwili. Tundu moja ni la kamera, ili tuone. Mengine ni ya vyombo, ili tuutoe usaha na kuukwangua utando uliolibana pafu. Huu ni upasuaji mkubwa unaopitia matundu madogo. Tukikuta damu nyingi au makovu magumu, tutafungua kifua kwa mkato mrefu wakati huohuo, ukiwa bado umelala. Ruhusa ya jambo hilo tunaiomba sasa. Utaamka ukiwa na mrija ubavuni, na utakaa nao siku kadhaa. Utatakiwa kukohoa na kuvuta pumzi ndefu hata kama kunauma, nasi tutakupa dawa ya maumivu. Baadhi ya watu huvuja damu au hewa, au hupata homa baada ya upasuaji, wachache hufariki. Una haki ya kuuliza na una haki ya kukataa. Sasa tueleze kwa maneno yako umeelewa nini."

Mambo mawili kuhusu maneno yaliyochaguliwa. Limetumika "kukwangua" badala ya "kusafisha" kwa sababu "kusafishwa" kwa wanawake wengi wa ukanda huu kunamaanisha kusafishwa kizazi baada ya mimba kuharibika, na hakuna sababu ya kumwingiza mgonjwa wa mapafu katika hofu hiyo. Limetumika "kufariki" bila kuzungushwa, maana tafsida nyingine, kama vile "matatizo" au "mabadiliko", hupotea njiani zinapovuka kwenda Kiarabu cha Juba.

Sentensi ya mwisho ndiyo inayorukwa mara nyingi, na ndiyo inayobainisha kama zilizotangulia zimefanya kazi. Kwa kawaida anayekalimani ni jamaa, kijana aliyesoma Uganda, mwenye haraka ya kumwona mzee wake akitibiwa. Naye hujibu, "Ameelewa," kabla mzee hajafungua kinywa. Muuguzi amwombe kijana huyo, kwa adabu, amwachie mzee aseme mwenyewe kwa lugha yake, kisha ndipo atafsiri.